Je, Wajua? Kizazi Kinaposhuka
Wagiriki wa kale walimtibu mwanamke aliyeshuka kizazi kwa kumfunga kwenye ngazi, kichwa chini miguu juu, kisha wakaitikisa! Wengine waliwekewa nusu komamanga ukeni ili kukizuia.

Leo kuna pete laini ya silikoni. Mhudumu wa afya humpima mama na kumwekea ukeni ili ishikilie kizazi. Wengi huweza kuitoa, kuiosha na kuirudisha wenyewe. Hakuna kupasuliwa.

Dalili? Uzito ukeni, kama amekalia mpira. Huzidi jioni, hupungua akilala. Hata kibofu huweza kushuka.

Uzazi mwingi, kikohozi sugu, choo kigumu na kubeba mizigo mizito huchangia. Si laana kabisa!

Mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, alieleza zoezi la kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, inayoshikilia kizazi. Hufanyika hata ndani ya daladala, na hakuna atakayejua.