Konyeza wa sentimita 2, bili ya dola 48,500

Mwaka 2011 wanazuolojia wawili wa Brazil, Fernando Carbayo na Antonio Marques, walipiga hesabu ya gharama ya kumwelezea kisayansi mnyama mmoja asiye na jina bado. Wakapata wastani wa dola 48,500 za Marekani kwa kila spishi. Marques ni mtaalamu wa konyeza na jamaa zao, kwa hiyo alikuwa anaizungumzia kazi ya mikono yake.

Kwa mvuvi wa Kabezi, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, bei hiyo ni kichekesho. Ziwa hilo lina konyeza wake, Limnocnida tanganyicae, mwenye upana wa takriban sentimita 2, na kumchota unahitaji ndoo tu. Ila aliyekwisha kujulikana ni rahisi kumpata. Hebu tumtafute ndugu yake asiyejulikana. Burundi ina takriban asilimia 8 ya ziwa, yaani kilomita za mraba kama 2,600. Tuchukue mita 100 za juu tu, maana chini zaidi upande huu wa kaskazini oksijeni huwa imekwisha. Hizo ni kilomita za ujazo 260. Wavu wa planktoni wenye mdomo wa nusu mita, ukivutwa kutoka mita 100 hadi juu, huchuja mita za ujazo zipatazo 20. Gawanya: mivuto bilioni 13 kwa maji ya Burundi peke yake. Ndiyo maana wataalamu huchukua sampuli chache kwa mpango, kisha huomba bahati.

Hata hivyo mafuta ya boti si mzigo mkubwa kama watu. Konyeza karibu wote ni maji. Ukimtia kwenye spiriti hunywea na kupoteza umbo. Ukimtia kwenye fomalini umbo linabaki lakini DNA inaharibika. Hivyo kila mvuto unahitaji chupa mbili, na konyeza wagawanywe wakiwa bado hai. Kisha mtu akae kwenye darubini ahesabu minyiri, apime mwavuli, achore, na alinganishe na vielelezo vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya. Mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha jina na hutunzwa daima. Jina lenyewe halilipiwi: kulisajili ZooBank, daftari la majina ya wanyama, ni bure. Kinacholipiwa ni miaka ya mtu anayejua anachokitazama.

Na miaka hiyo ni mingi. Utafiti wa 2012 ulionyesha kwamba kielelezo hukaa wastani wa karibu miaka 21 tangu kukusanywa hadi kuelezwa. Mjerumani Richard Böhm alimwona konyeza wa Tanganyika mwaka 1883, akafa Katanga mwaka uliofuata. Robert Günther akaanzisha jenasi ya Limnocnida mwaka 1893. Miaka kumi, zama za wapagazi na meli za moshi! Leo tuna ndege na mashine za kusoma DNA, na foleni ni ndefu maradufu.

Gharama nyingine ilitokana na kumwelewa vibaya konyeza huyu. Konyeza tuliowazoea ni wa baharini, kwa hiyo mwanazuolojia J. E. S. Moore alishikilia kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Alifunga safari mbili, 1895–96 na 1899–1900, akaandika kitabu mwaka 1903. Ikabidi mwanazuolojia mwingine, W. A. Cunnington, aje kuchunguza 1904–05, na matokeo yake hayakuiunga mkono nadharia hiyo. Misafara mitatu, na konyeza akiwa miongoni mwa washtakiwa wakuu.

Majina nayo yaliongezeka: L. victoriae mwaka 1907, L. indica wa India 1911, L. rhodesiae 1912, L. congoensis 1959. Wapo wanaoona baadhi ya hao wa Afrika ni mnyama yuleyule kwa majina tofauti. Kwa bei ya Carbayo na Marques, majina hayo manne ni dola 194,000, na kulifuta moja kunataka kazi ileile ya darubini na DNA, pamoja na konyeza wabichi kutoka Tanganyika wa kulinganisha nao. Pwani ya ziwa ina kilomita 1,838. Za Burundi ni 159, na Kabezi ni mwendo mfupi wa gari kutoka Bujumbura. Kwa kazi hiyo, chupa mbili za Kabezi zingegharimu kidogo kuliko tiketi ya mtaalamu wa kuzisoma.