BINTI, MKE, MAMA, MJANE: SHAMBA NI LA NANI?

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Miteremko yake hupata mvua ya kutosha na ina udongo mzuri. Migomba, kahawa, mahindi na maharagwe husitawi hapo. Mito inayotoka mlimani hunywesha vijiji vya Wameru na vijiji vya Waarusha. Hunywesha pia jiji la Arusha.

Ndugu msomaji, pita katika vijiji hivyo asubuhi. Utamwona mwanamke amebeba majani ya ng'ombe. Utamwona mwingine anapalilia mahindi, na mwingine anatia samadi kwenye migomba. Siku ya soko utawaona wanawake Tengeru, kila mmoja na ndizi zake, mboga zake au maharagwe yake.

Mwanamke yuko shambani tangu utoto mpaka uzee. Lakini uliza swali moja: "Shamba hili ni la nani?" Mara nyingi utatajiwa jina la mwanamume. Utaambiwa ni la baba yake, au la mume wake, au la mwanawe, au la shemeji yake.

Swali hili si dogo. Siku mume anapofariki, jibu lake huamua kama mjane atalala nyumbani kwake au atalala njiani. Makala haya yanaeleza mambo yalivyokuwa zamani, yalivyobadilika, na jambo la kufanya sasa.

ZAMANI MAMBO YALIKUWAJE?

Wameru walianza kulima miteremko hii zaidi ya miaka 300 iliyopita. Waarusha walifika kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830. Lugha zao ni tofauti. Kimeru kinafanana na Kichagga. Waarusha wanasema Kimaasai. Lakini wote walikuwa wakulima na wafugaji, na wote walihesabu ukoo kwa upande wa baba. Shamba lilitoka kwa baba likaenda kwa wana wa kiume.

Binti alijifunza kazi zote kwa mama yake. Alipoolewa, mahari ilitolewa, naye akaenda kwa mumewe. Hakupewa shamba la baba. Wazee walisema shamba atalikuta huko aendako.

Mke alipewa nyumba yake na sehemu yake ya shamba. Kama mume alikuwa na wake wawili au watatu, kila mmoja alikuwa na nyumba yake na shamba lake la kulima. Chakula kilichotoka hapo kilikuwa mikononi mwake. Wanawake walibeba vyakula mpaka kwa Wamaasai wa tambarare. Walirudi na maziwa, ngozi na mbuzi. Biashara hiyo ilikuwa kazi ya wanawake.

Mama aliheshimiwa kwa ajili ya watoto wake. Shamba alilolilima lilikwenda kwa wanawe wa kiume. Kwa hiyo uzeeni alikaa kwa mwanawe.

Mjane alibaki katika nyumba yake. Ndugu wa marehemu alipewa kazi ya kumtunza. Katika koo nyingi ndugu huyo alimrithi mjane kama mke.

Tuseme kweli. Mpango huo ulikuwa na ulinzi ndani yake. Ardhi ilikuwa nyingi, na kijana aliyetaka shamba aliweza kufyeka msitu. Mjane hakutupwa. Lakini ulinzi wake ulitegemea wema wa mtu mwingine. Yeye mwenyewe hakuwa na haki ya kusema, "Hapa ni pangu."

ARDHI IKAWA NDOGO

Mwaka 1900 Wajerumani walijenga boma Arusha. Wenyeji walilazimishwa kufanya kazi ya kulijenga. Baadaye walowezi walipewa mashamba makubwa chini ya mlima. Waingereza nao waliendelea kuwagawia walowezi ardhi. Wameru na Waarusha walibanwa katikati. Juu kulikuwa na msitu wa Serikali. Chini kulikuwa na mashamba ya walowezi.

Mwaka 1951 Serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki. Watu wapatao 3,000 waliondolewa ili ardhi yao wapewe walowezi wa kufuga ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Wanaume na wanawake, wazee na watoto, wote walipoteza makao yao.

Wameru hawakupigana kwa mikuki. Waliandika madai yao. Walichanga fedha. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alikwenda New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akaeleza dhuluma hiyo. Dunia nzima ilisikia jina la Meru.

Kwa hiyo watu wa mlima huu wanajua uchungu wa kuambiwa, "Ondoka, hapa si pako." Mjane anayefukuzwa na shemeji zake anaonja uchungu ule ule. Tofauti ni kwamba yeye anafukuzwa peke yake.

Jambo jingine lilikuwa kahawa. Mkahawa huzaa kwa miaka mingi na huleta fedha. Shamba la kahawa likawa mali ya kudumu. Mke alisaidia kuchuma, lakini fedha za kahawa zilishikwa na mume. Mikononi mwa mke zilibaki fedha za ndizi, mboga na maziwa.

Watu pia waliongezeka. Tufanye hesabu. Tuseme babu alikuwa na ekari 4 na wana wa kiume 4. Kila mmoja alipata ekari 1. Kila mmoja wao naye akazaa wana wa kiume 2. Kila mjukuu akapata nusu ekari. Hapo bado mabinti hawajahesabiwa. Katika nusu ekari, mjane huonekana kuwa amekalia shamba la mtu mwingine. Binti aliyeachika akirudi nyumbani, kaka zake humwona kama mgeni. Mila ile ile iliyomtunza bibi yake sasa inamfukuza yeye.

SHERIA IMEBADILIKA

Watu wengi husema, "Mila ndivyo ilivyo." Lakini nchi ina sheria, na mila inayovunja sheria haina nguvu. Tuzitazame sheria kwa kila hatua ya maisha.

Binti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kama wazazi walikubali. Mwaka 2016 Bi Rebeca Gyumi alishinda kesi Mahakama Kuu. Mahakama ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali hukumu hiyo. Mwaka 1998 Bunge lilipiga marufuku kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mambo haya yanahusu shamba pia. Msichana anayetolewa shuleni na kuozwa mapema anaingia katika ndoa bila kuweza kusoma karatasi za mali yake.

Binti anaweza pia kurithi. Katika mkoa wa Kagera, Bi Holaria Pastory alirithi shamba la baba yake kwa wosia. Alipoliuza, mtu wa ukoo wake alimshtaki. Alisema kwa mila ya Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mila hiyo inambagua mwanamke na inapingana na Katiba. Bi Holaria alishinda.

Mke. Sheria ya Ndoa inasema mke anaweza kuwa na mali yake mwenyewe. Mume hana ruhusa ya kumpiga mkewe. Pia mume hawezi kuuza nyumba ya familia bila mkewe kukubali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed. Mahakama ilisema kazi ya nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Kupika, kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi yenye thamani.

Mama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na haki ya mwanamume. Mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake.

Mjane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi. Mjane ana hiari ya kukaa anapotaka. Ana hiari ya kutoolewa tena. Akitaka kuolewa, atachagua mume mwenyewe. Hakuna ndugu wa marehemu anayeweza kumrithi kwa nguvu.

KAZI HAIJAISHA

Hata hivyo, katika mirathi bado kuna magumu. Mwaka 1963 Serikali iliandika sheria za mila za sehemu nyingi za nchi. Sheria hizo zilimpa binti sehemu ndogo kuliko kaka zake. Zilimwacha mjane atunzwe na watoto wake badala ya kupewa fungu lake. Wajane wawili wa Tanzania, waliofukuzwa na shemeji zao, walizipinga mahakamani. Walipokosa nafuu walipeleka madai kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo ilisema haki zao zimevunjwa, ikaitaka Tanzania irekebishe sheria hizo.

Hapa hapa Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2018 mahakama hiyo ilitoa hukumu dhidi ya nchi ya Mali. Ilisema sheria ya familia ya Mali ilivunja haki za wanawake na watoto katika umri wa kuolewa na katika mirathi. Kwa hiyo jambo hili si la Meru peke yake. Ni la Afrika nzima.

TUFANYE NINI?

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haya ndiyo mambo ya kufanya wakati mume na mke wote wako hai na wanasikilizana.

1. Tunza cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Viweke mahali pakavu pasipo na panya.

2. Kama kijiji kinatoa hati za hakimiliki ya kimila, mume na mke waombe waandikwe wote wawili. Soma hati kabla ya kuweka sahihi. Tazama kama jina lako limo na limeandikwa sawasawa.

3. Mkinunua kiwanja kijijini au mjini, jina la mke liandikwe katika mkataba. Mashahidi waweke sahihi.

4. Andikeni wosia. Wosia hauleti kifo. Wosia huzuia ugomvi. Sheria za mila za mwaka 1963 zinasema hivi: anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua 2 katika wosia wake ulioandikwa. Asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua 4. Mashahidi wenyewe lazima wajue kusoma na kuandika. Basi ona faida ya masomo yako ya kisomo.

5. Mume akifariki, chukua cheti cha kifo. Ukoo ukikaa kikao, mjane ahudhurie, na mambo yaliyokubaliwa yaandikwe. Kisha nendeni Mahakama ya Mwanzo kumweka msimamizi wa mirathi. Mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi.

6. Kumbuka kwamba msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi. Katika muda wa miezi 4 anapaswa kupeleka mahakamani hesabu ya mali hiyo. Asipofanya hivyo, mlalamikie mahakamani.

Familia za Kiislamu zinaweza kufuata sheria ya mirathi ya Kiislamu. Kama hujui sheria ipi inawahusu, uliza mahakamani. Unaweza pia kumwuliza msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wanaume nao wana kazi. Kila mwanamume ana mama, na wengi wana dada na mabinti. Anayemfukuza mjane wa kaka yake leo, anawafundisha wanawe namna ya kumfukuza mke wake kesho. Mzee wa ukoo anayesimama kikaoni na kusema, "Mama huyu akae kwake," anailinda mila njema ya zamani, ile iliyosema mjane asitupwe.

Watu wa Meru waliandika madai yao, na dunia ikawasikiliza. Leo kila nyumba inaweza kuandika yake. Chukua kalamu. Anza na jina lako, jina la mwenzako, majina ya watoto, na mipaka ya shamba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, binti aliyeachika hukaa wapi?

2. Mjane akifukuzwa katika nyumba yake, aanze kwenda kwa nani?

3. Je, jina la mke limo katika karatasi za shamba lenu? Kama halimo, ni nini kinachozuia?