Kiingereza si cha mtihani tu, kitie mdomoni

Huenda wamjua kijana wa namna hii, au pengine ni wewe mwenyewe. Kwenye mtihani wa kidato cha nne alipata alama nzuri ya Kiingereza. Lakini siku alipoitwa mahojiano ya kazi mjini Garissa, akaulizwa ajieleze kwa maneno machache tu, ulimi uligeuka jiwe. Kazi akapewa mwingine.

Si kwamba hana akili. Kiingereza alikisoma kwa macho na kalamu. Akitoka darasani, nyumbani ni Kisomali, sokoni Kisomali na Kiswahili, na kwenye dugsi anahifadhi Kurani. Mdomo wake ulifanya zoezi la Kiingereza lini?

Basi, ndugu msomaji, anza na sauti. Kisomali hakina "p" wala "v", na wengi huziba pengo hilo kwa "b" na "f". Ukimwambia tajiri kwamba unaweza kuendesha "fan", atashangaa, maanake hiyo ni feni. Gari ni "van". Hapa Kiswahili chako ni ngazi nzuri. Ikiwa unaweza kusema umepata kazi bila mtu kudhani umenunua bata, au kutofautisha "vaa" na "faa", sauti hizo unazo tayari. Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo useme "pen". Karatasi itaruka. Isiporuka umesema "Ben", na hilo ni jina la mtu! Kwa "v", gusa koo kwa kidole uhisi linavyotetema. Kwa "f" halitetemi. Dakika tano kila asubuhi zatosha.

Na asikudanganye mtu ati ulimi wa Msomali ni mzito kwa Kizungu. Nuruddin Farah alizaliwa Baidoa mwaka wa 1945, na lugha yake ya mama ni Kisomali. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1970, aliiandika kwa Kiingereza.

Redio nayo ni mwalimu asiyedai karo. Sikiliza kwanza habari kwa lugha unayoielewa vyema, kisha uzisikilize zile zile kwa Kiingereza. Kwa kuwa tayari wajua ni mafuriko ya Mto Tana yanayozungumziwa, maneno mageni yatajieleza yenyewe. Jioni simulia habari moja kwa sauti, ukijirekodi kwenye simu. Ukijisikia utaona aibu kidogo, lakini ni heri aibu hiyo ya chumbani kuliko ile ya mbele ya watu watatu wenye tai.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto akikosea mezani na kaka zake wakamcheka, kesho atanyamaza. Wekeni sheria kwamba anayecheka ndiye ataisema sentensi hiyo upya, tena sawasawa.

Kuna wengine wananunua kamusi nene na kumeza maneno marefu ili waonekane wasomi. Mimi naona ni kazi bure. Mwenye maneno mia tano anayoyatumia kila siku atakuzidi wewe mwenye elfu mbili yaliyolala daftarini. Afadhali uandike sentensi tatu kila usiku juu ya siku yako: mbuzi mliouza, bei, na mteja aliyekusumbua.

Tena soma, hata kama nyumbani hakuna kitabu. Garissa ni mji uliopata sifa duniani kwa maktaba ya ngamia. Mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianza na ngamia watatu, wakibeba vitabu na hema kuwapelekea watu wa vijijini na shule zisizofikika kwa gari. Ikiwa ngamia waliweza kukifuata kitabu jangwani, wewe wa mjini waweza kutembea hadi maktabani.

Ukifika, usichukue kitabu kikubwa cha kujionyesha. Fungua ukurasa wowote wa katikati, usome kwa sauti ya chini. Ukikuta maneno zaidi ya matano usiyoyajua, kirudishe rafuni uchukue chembamba zaidi, hata kiwe cha watoto wa darasa la tano.