Kabati Lililohamia Simuni

Katika filamu ya Clueless iliyotoka Marekani mwaka 1995, msichana tajiri aitwaye Cher anachagua nguo za shule kwa kompyuta, nayo mashine ikamwonyesha kama zinalingana. Ulikuwa mzaha wa sinema. Leo programu za namna hiyo, kama vile Stylebook na Whering, zimo katika simu za mkononi. Mtumiaji huzipiga picha nguo zake moja moja, akazipanga, na akawekewa hesabu ya mara alizovaa kila moja.

Kwa nini mtu mwenye macho na kabati lake akubali kazi hiyo yote?

Wataalamu aghalabu hurejelea nadharia ya Fred Davis ya mwaka 1989: mtu huipokea teknolojia akiamini kwamba itamfaa na haitamsumbua. Hapa, hata hivyo, usumbufu hutangulia na faida hufuata baadaye sana. Lazima pana msukumo mkubwa zaidi. Utafiti wa shirika la WRAP wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mtu mzima nchini Uingereza ana nguo 118 kwa wastani, na takriban robo yazo hazijavaliwa kwa mwaka mmoja au zaidi. Naona jibu limo humo. Anayeipakua programu hiyo hatafuti urembo tu. Anataka kukumbushwa alicho nacho, kwani amenunua kupita uwezo wa kumbukumbu yake. Nyanya zetu wa pwani hawakuhitaji orodha ya kanga zilizokuwa sandukuni: kila kanga ilikuwa na jina lake, na jina halisahauliki upesi.

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Programu ijuayo rangi uipendayo na nguo uliyoacha kuivaa inakujua kuliko mchuuzi yeyote wa Gikomba. Baadhi yazo hukupendekezea cha kununua, hivi kwamba kifaa ulichokichukua ili upunguze ununuzi kinageuka kuwa mlango wa duka.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kuelezwa habari zake zitatumiwaje. Wanafunzi wetu, walio wepesi wa kupakua, hukubali masharti bila kusoma hata mstari mmoja. Mwalimu wa lugha angeweza kuyafanya masharti hayo kuwa matini ya ufahamu, darasa likachunguza kauli ya kutendwa: habari zako "zitakusanywa", picha zako "zitahifadhiwa". Na nani? Mtenda hatajwi.