Kalenda inapomkinga mtuhumiwa: Ukomo wa mashtaka ya udhalilishaji wa watoto Marekani

APRILI 27, 2016, katika Mahakama ya Shirikisho mjini Chicago, Jaji Thomas Durkin alimhukumu Dennis Hastert kifungo cha miezi 15 jela. Hastert hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia mwaka 1999 hadi 2007, na kwa utaratibu wa nchi hiyo Spika ndiye anayemfuatia Makamu wa Rais katika safu ya kurithi urais. Jaji alimtaja waziwazi kuwa ni mdhalilishaji wa watoto aliyelirudia kosa lake. Hata hivyo, kosa lililompeleka gerezani lilikuwa la kibenki.

Sheria ya Marekani inazitaka benki kutoa taarifa serikalini pale mteja anapochukua fedha taslimu zaidi ya dola 10,000. Hastert alikuwa akimlipa kwa siri mtu mmoja aliyemdhalilisha utotoni, na ili benki isimripoti alizichukua fedha hizo kidogo kidogo, chini ya kiwango hicho. Kukwepa taarifa hizo kwa makusudi ni kosa la jinai, na kosa hilo lilikuwa bado bichi. Udhalilishaji wenyewe ulitendeka alipokuwa mwalimu na kocha wa mieleka katika shule ya sekondari ya Yorkville, jimbo la Illinois, kazi aliyoiacha mwaka 1981. Muda wa kumshitaki kwa hilo ulikuwa umekwisha miongo kadhaa kabla ya siku ile ya hukumu.

Kinga ya namna hiyo ndiyo wanasheria huiita ukomo wa muda. Ni kipimo kinachowekwa na Bunge: tangu kosa litendeke, Serikali ina miaka kadhaa ya kufungua mashtaka, na ikipita, mlango unafungwa hata kama ushahidi ni mzito kiasi gani.

Si nchi zote zenye utaratibu huo. Nchini Uingereza makosa makubwa ya jinai hayana ukomo tangu zamani, na mzee wa miaka 80 anaweza kupandishwa kizimbani kwa jambo alilolitenda ujanani. Kenya imerithi mfumo huo. Sheria yake ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai huweka muda wa miezi 12 kwa makosa madogo tu, yale ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miezi sita. Unajisi wa mtoto chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 haumo katika kundi hilo. Marekani ilichukua njia nyingine: kila jimbo lina vipimo vyake, na kwa muda mrefu mauaji ndiyo yaliyoachwa bila ukomo karibu kila mahali, huku makosa mengine yakipewa miaka mitatu, mitano au kumi.

Wanaoutetea ukomo wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Shahidi aliyeweza kuthibitisha kuwa mtuhumiwa alikuwa safarini siku ya tukio huenda amekwisha kufa. Daftari la mahudhurio ya shule limechomwa. Kumbukumbu hufifia, na zinazofifia si za mlalamikaji peke yake. Aidha, polisi wanaojua kwamba muda unakwenda hulazimika kufanya kazi bila kuzembea.

Hoja hizo ziliundwa kwa kumfikiria mtu mzima aliyeibiwa au kupigwa, ambaye kesho yake huenda kituoni. Mtoto hayumo katika picha hiyo. Mtoto wa miaka minane aliyedhalilishwa na mjomba, padri au kocha aghalabu halijui jina la jambo alilotendewa. Akilijua, ataambiwa hataaminiwa. Na mara nyingi aliyemtenda ndiye anayempa chakula au ndiye anayeheshimiwa mtaa mzima. Wengi hunyamaza hadi wawe na watoto wao wenyewe. Kipimo cha miaka mitatu kikianza kuhesabiwa siku ya tendo, mtoto huyo hupoteza haki yake akiwa na miaka 11, angali shule ya msingi.

Kwa sababu hiyo majimbo mengi yalianza kuisogeza saa, ili ihesabu tangu mwathirika atimize miaka 18. New York ilikwenda mbele zaidi Februari 2019: kwa makosa mengi makubwa ya aina hii, mashtaka yanaweza kufunguliwa hadi mwathirika afikishe miaka 28, badala ya 23 ya awali. Illinois yenyewe, baada ya fedheha ya Hastert, iliuondoa ukomo wa jinai kwa makosa makubwa ya ngono dhidi ya watoto mwaka 2017. Uswisi iliupeleka uamuzi kwa wananchi. Novemba 30, 2008, asilimia 51.9 ya wapigakura walikubali kwamba makosa hayo yasiwe na ukomo kamwe, nayo sheria ya utekelezaji iliyoanza Januari 2013 ikaweka umri wa mwathirika kuwa chini ya miaka 12.

Lakini je, sheria mpya inaweza kuufungua mlango uliokwisha kufungwa? Hapo ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa, na hata baadhi ya wanasiasa huahidi wasichoweza kukitekeleza.

California ilijaribu. Mwaka 1993 ilitunga sheria iliyoruhusu mashtaka ndani ya mwaka mmoja tangu mwathirika atoe taarifa polisi, hata kama muda wa awali ulikuwa umekwisha. Mwaka 1998 mwanamume mmoja akashitakiwa kwa matendo ya kati ya mwaka 1955 na 1973, ambayo ukomo wake ulikuwa miaka mitatu. Kesi hiyo, Stogner dhidi ya California, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 26, 2003, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba sheria hiyo ilivunja Katiba, inayokataza sheria za jinai zinazorudi nyuma. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alieleza kuwa dola iliyokwisha kumhakikishia mtu kwamba hatafuatiliwa tena haiwezi kugeuka na kumkamata. Jaji Anthony Kennedy aliwaandikia wachache, akiwatetea waathirika walionyamaza kwa hofu. Baada ya hukumu hiyo mashtaka mengi California yalifutwa, na baadhi ya waliokuwa wamefungwa wakaachiliwa.

Tofauti ni nyembamba lakini ni nzito. Muda ambao haujaisha unaweza kuongezwa, uliokwisha haufufuki.

Katazo hilo, hata hivyo, ni la jinai. Katika madai, ambako kinachotafutwa ni fidia na si kifungo, majimbo kadhaa yamefungua dirisha la muda maalumu kwa kesi zilizokwisha kupitwa. Dirisha la California la mwaka 2003 lilizaa kesi zilizoifanya Jimbo Kuu Katoliki la Los Angeles ikubali mwaka 2007 kulipa dola milioni 660 kwa waathirika 508. Lile la New York, lililofunguliwa Agosti 2019 na kufungwa Agosti 2021, lilipokea kesi zaidi ya 10,000.

Pennsylvania haikufanikiwa hivyo. Agosti 2018 jopo la raia lililokula kiapo kuchunguza majimbo sita ya Kanisa Katoliki lilitoa ripoti iliyotaja mapadri zaidi ya 300 na watoto zaidi ya 1,000. Kwa sababu ya ukomo, ni mapadri wawili tu walioweza kushitakiwa. Novemba 2019 jimbo hilo liliuondoa ukomo wa jinai kwa makosa ya siku zijazo, lakini dirisha la madai lilihitaji marekebisho ya Katiba ya jimbo: kupitishwa na mabunge mawili yanayofuatana, kutangazwa magazetini, kisha kupigiwa kura na wananchi. Kura ilitarajiwa Mei 2021. Februari mwaka huo ikabainika kwamba ofisi iliyopaswa kulipia matangazo hayo haikuyatoa. Waziri mhusika, Kathy Boockvar, alijiuzulu, na mchakato ukalazimika kuanza upya, huku waliokuwa wakiusubiri wengi wao wakiwa wazee.