Je, Wajua? Neno Geni Hujieleza

Je, wajua kwamba neno usilolijua katika Kiswahili mara nyingi hujieleza lenyewe? Chukua "mkwezi". M- ya mwanzo yaashiria mtu, na -zi ya mwisho humtaja mtenda: anayelea ni mlezi, aokoaye ni mwokozi. Basi mkwezi ni anayekwea, na sentensi ikitaja minazi na madafu, shaka inakwisha. Lakini hadhari! "Mwezi" na "mzizi" pia huishia na -zi, wala si watenda. Ndiyo maana sentensi nzima lazima isomwe.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, huorodhesha vitenzi kwa mashina. Ukikutana na "walimtweza", tafuta "tweza". Walimu, waacheni wanafunzi wakisie kwanza, ndipo wafungue kamusi.