Mota Isiyotulia Isihukumiwe Upesi

Yapo maradhi ya mitambo ambayo dalili zake humpotosha mganga. Chukua mashine kongwe za pinboli, mchezo wa kurusha kigololi cha chuma juu ya ubao wa mteremko, ambazo aghalabu ziliundwa mjini Chicago, Marekani, na kampuni kama Gottlieb, Bally na Williams. Kabla ya vifaa vya kielektroniki kushika hatamu mwishoni mwa miaka ya 1970, hesabu yote ya mchezo ilifanywa kwa swichi, sumaku za umeme na mota moja ndogo.

Mota hiyo huzungusha visahani vyenye meno, nayo meno hufunga na kufungua swichi kwa zamu. Kigololi kikigonga shabaha ya alama 50, mota huamka, ikatoa mapigo matano ya alama 10, kisha ikatulia mahali pake.

Sasa mtu abonyeza kitufe cha kuanza mchezo, na mota yazunguka bila kikomo. Wengi hukimbilia kuifungua. Hapana! Mota hiyo ni nzima, tena ni tiifu mno. Mchezo uanzapo, mapigo yake huyarudisha magurudumu ya tarakimu kwenye sufuri, na kila gurudumu likifika, swichi yake hutoa habari. Gurudumu moja likikwama kwenye 7, habari haitoki, na mota haina ruhusa ya kusimama. Basi tazama kwanza tarakimu. Zikiwa zote ni sufuri, shuku swichi za sufuri zilizochafuka, au rilei iliyonata.

Mwanafunzi akiandika “kitabu vimepotea”, mwalimu mwenye haraka hukipiga kitenzi kalamu nyekundu, ilhali huenda mtoto alikusudia vitabu, na kosa limo katika nomino. Ndivyo afanyavyo fundi anayepinda kila swichi aionayo: aliikuta mashine na kosa moja, anaiacha na matatu, na mashine hizo haziundwi tena.

Mota isiyoamka kabisa ni kisa kingine. Chomoa waya ukutani, uizungushe kwa mkono polepole. Ikiwa nzito, huenda girisi ya miaka hamsini imeganda kwenye gia. Ikiwa nyepesi, chukua mchoro wa nyaya uliotoka kiwandani, ufuate njia ya umeme swichi baada ya swichi.